Mwamuzi Aliyesema Hakuona

Wanyama walipoanza kuonyesha runingani mashindano ya kulazana mikono, uamuzi alipewa Kinyonga, kwa kuwa jicho lake moja lingetazama kiwiko hiki na la pili kile. Sheria ilikuwa fupi: kiwiko kikibanduka mezani, umeshindwa.

Kabla ya fainali, bingwa Sokwe alimshika bega. "Mzee, bado unalala kwenye lile tawi la mbele ya mlango wangu?"

"Bado, bwana mkubwa," Kinyonga akajibu.

Mpinzani, Kakakuona, aling'ang'ana hadi meza ikalia. Sokwe akakibandua kiwiko chake mezani, akamlaza mkono.

"Mwamuzi! Kiwiko!" Kakakuona akapaza sauti.

"Sikuona kitu. Sokwe ameshinda."

Picha ikarudiwa polepole kwenye kioo kikubwa. Kamera haikunasa kiwiko, ilimnasa mwamuzi. Alikuwa kijani, kijani, kisha ghafla mweusi kama masizi.

"Mzee," Kakakuona akasema, "kama hukuona, mbona uligeuka rangi?"

"Nilikutisha mdomo," Sokwe akamnong'oneza Kinyonga, "nikaisahau ngozi."

Sokwe akavuliwa ubingwa, Kinyonga akavuliwa filimbi. Na njia ya kurudi tawini bado ilipita mlangoni kwa Sokwe.