Jina la Mtafutaji

Elirehema alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa misimu mitatu alikuwa akitafuta mlima wa mbali ambako helikopta ingempandisha kileleni ateleze kwa ski, mbao ndefu za kuvaa miguuni, kabla mwili haujamkatalia. Kwenye theluji ya uhakika bei ilikuwa haishikiki. Kwenye bei nafuu, theluji ilikuwa ya kubahatisha.

Asubuhi moja, wakinywa chai nyumbani kwao Moshi, alimwambia mkewe Aikande kwamba amepata. "Theluji ipo msimu mzima, marubani ni wazoefu, na bei tunaimudu."

Aikande akaweka kikombe chini. Sheria aliijua: mahali pa bei nafuu hapakuwa na waokoaji. Msafiri aliandikisha ndugu mmoja kuwa mtafutaji wake, na akifukiwa na theluji, ndugu huyo ndiye aliyepelekwa kumfukua.

"Umemwandika nani?"

"Wewe una pumu, wangekukataa."

"Baba Ndeshi, nimekuuliza umemwandika nani."

Elirehema akatazama dirishani. "Ndeshi ametimiza miaka kumi na minane. Nilimuuliza, akakubali."

"Lifute jina lake."

"Likishapokelewa halifutiki mpaka msimu uishe."

Mlango ukafunguliwa, Ndeshi, binti yao, akaingia na viatu vya thelujini vilivyoletwa na posta. Akaketi, akavivaa.

"Mama, hebu niangalizie. Havijanibana?"

Aikande akapiga magoti, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba. Vilimkaa sawasawa. Akaanza kumfunga kamba. Akazikaza, akazifungua, akazikaza tena.