Mbao za Filimoni

Siku hizi kila mtu hupewa mgawo mmoja tu wa mbao maishani, na wengi huuweka kwa ajili ya jeneza. Mume wangu Filimoni aliutumia wake kutengeneza meza ya kufanyia kazi nyumbani. Aliichora mwenyewe, akaipima iingie kwenye kona ya chumba chetu. Nilipomuuliza tutamzika na nini, alicheka.

“Mtanikunja humo humo, mama Judi.”

Alipofariki, mdogo wake Heriel, ambaye ni seremala, aliibomoa meza na kuzipanga mbao kando ya mwili.

“Shemeji, alizikata fupi, hazifiki. Miguu itabaki nje.”

“Zangu ziko chini ya kitanda. Ongezea.”

“Halafu wewe?”

“Mimi bado nipo, Heriel.”

Mama mkwe alinitazama.

Jeneza likatosha. Lakini ubao wa kifuniko ulikuwa na tundu ambalo Filimoni alilitoboa apitishie nyaya za kompyuta, nalo liliangukia juu ya uso wake. Heriel aliuliza kama alizibe. Nilimwambia aache, nikainama kuchungulia, na mama mkwe akanivuta mkono.