Mshika Nafasi wa Atuganile

Tarehe 6 Juni 2071. Tukuyu kulikucha kwa manyunyu na ukungu uliofunika migomba.

Atuganile alikuwa amekwisha kufunga masanduku. Kesho angesafiri kwenda Norwe kuwauguza wazee wa huko, na kwa sheria, anayehama nchi humwachia mshika nafasi nyumba yake, jina lake na watu wake. Alimshukuru Mungu kwa sheria hiyo, kwa kuwa mama yake asingebaki peke yake.

Mshika nafasi, mwanamke mpole aliyeitwa Subilaga mpaka jana, alikuwa jikoni akikoroga uji.

“Mama hapendi sukari nyingi,” Atuganile alimwambia.

“Ameshaniambia, dada. Na sala ya jioni tunaianza kwa wimbo.”

Balozi wa mtaa alifika na majirani wawili kushuhudia kiapo cha anayehama. Mmoja alionja uji, akacheka.

“Ee! Atuganile huyu anajua kupika kuliko yule!”

“Atuganile,” Mama aliita kutoka kitini, “niletee shali, mwanangu.”

Atuganile aliinuka. Lakini Subilaga alikuwa amekwisha kumfunika Mama mabegani, na Mama alikuwa ameushika mkono wake.

“Asante, mgeni, wewe kaa tu,” Mama alimwambia Atuganile kwa upole.

Balozi alikohoa. “Haya, binti, zamu yako.”

Atuganile alisimama wima.

“Mbele za Mungu na mbele yenu nyote, naahidi kwamba Mama akimwita Atuganile, mimi sitaitika.”