Wimbo Uliopigwa Mapema

Wiki tatu baada ya kumzika mumewe, mwonyesha sinema wa mji wa Burnley, Uingereza, Winifred alikwenda tena kuitazama filamu ya mapenzi ambayo mumewe aliionyesha miaka mingi, ya mke aliyegombana na mumewe.

Wimbo wa taifa ulipigwa filamu ikiisha, lakini kwa filamu hii marehemu kila mara aliupiga mapema, kabla ya mwisho. Watu walisimama, pazia likafungwa, naye Winifred akaamini yule mke amerudi kwa mumewe.

Leo fundi mpya hakuharakisha. Yule mke alibeba sanduku akaondoka.

“Kumbe anamwacha!” jirani alicheka. “Na mumeo alivyotusimamisha miaka yote, mwenzangu!”

Winifred aliubana mkoba mapajani. Alipoitazama mara ya kwanza, sanduku lake mwenyewe lilikuwa limefungwa tayari, chini ya kitanda. Jioni ile alilifungua, akarudisha nguo kabatini.

“Alijua kuhusu sanduku langu,” alisema kwa uchovu. “Alijua, asiniambie neno.”