Picha Iliyoshinda

Mwalimu mkuu alivuta kitambaa, wazazi tukapiga makofi. Picha bora ya mwaka ilikuwa ya mwanamume akianika nepi uani, kichanga mgongoni, anacheka meno yote nje.

"Huyu ni jirani yetu," mwanafunzi aliyeipiga alisema kwenye kipaza sauti. "Baba wa kupigiwa mfano."

Nililitazama shati. Kifungo cha pili nilikishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, maana mweupe uliniishia, asubuhi mwenye shati akiharakia safari ya kikazi.

Kando yangu, mume wangu aliacha kupiga makofi.

Jukwaani, binti yetu, mshindi wa pili, aliitazama picha, kisha akatugeukia.

"Simama wakuone, baba watoto," nikamwambia taratibu.