Vifungo vya Mzee Kitwana

Zamda alikosea toka asubuhi, alimvalisha baba yake vizuri mno. Shati jeupe la sikukuu ya Idi, limenyooka pasi, na vifungo vyote kafunga yeye, maana tangu apigwe na kiharusi mzee vidole vyake havishiki kitu. Sasa utaendaje ofisi ya serikali kama umetoka kulala?

Afisa wa ustawi wa jamii akamwangalia mzee juu mpaka chini. "Mzee wangu, umependeza! Nani kakuvalisha?"

"Mwenyewe," akasema Mzee Kitwana, kifua mbele. "Mi mtoto?"

"Na kula?"

"Nakula mwenyewe. Hata ugali namega."

Hela ya walemavu, anayopewa asiyejiweza, ndo walikuwa wanaitegemea kwa dawa za presha, na afisa alishafunika kalamu yake bila kuandika kitu.

"Baba, mwambie ukweli."

"Ukweli gani? Unataka kunidhalilisha mbele za watu?"

Zamda akapiga goti mbele ya baba yake, akamfungua vifungo kimoja kimoja, mpaka fulana iliyotoboka ikaonekana.

"Haya, baba. Funga."

Watu waliokuwa wanasubiri zamu wakageuka. Mzee akamtazama binti yake kama hamjui. Halafu akainua mkono, akakishika kifungo cha juu. Kikamponyoka. Akakishika tena.

Zamda akarudi kwenye benchi, akaikalia mikono yake yote miwili.