Timu Isiyorudi Nyuma

Zamani wanyama walipocheza kandanda, Nyegere alifundisha timu ya nguchiro, na fahari yake ilikuwa moja: timu yake hairudi nyuma. Wakiupata mpira hawautoi; wakiupoteza, wanamvamia mwenye nao kulekule langoni kwake.

Siku ya fainali waliwabana ngiri mpaka ngiri wakakosa pumzi. Nguchiro wakafunga, wakazidi kupigiana pasi watakavyo. Nyegere akatembea kando ya uwanja, kifua mbele.

Ndipo ngiri mmoja, kwa kukata tamaa, akabutua mpira ukapita juu ya vichwa vyote. Nyuma hakukuwa na beki hata mmoja. Digidigi, mshambuliaji wa ngiri, akaukimbilia peke yake na kusawazisha.

Wakati wa mapumziko Korongo, golikipa mpole wa nguchiro, alisema, "Mwalimu, nyuma pako wazi, na wenzangu wamechoka."

"Sisi haturudi nyuma," Nyegere akajibu.

"Sijaomba turudi. Naomba na mimi nisogee mbele, nitoke golini."

Ombi hilo lilikuwa na majivuno zaidi kuliko jibu la Nyegere, naye akalipenda.

Kipindi cha pili mpira mrefu ulipokuja tena, Digidigi alimkuta Korongo ameshafika. Korongo akautuliza, akampa nguchiro aliyekuwa huru mbele, na bao likaingia. Nguchiro walimaliza wakichechemea, lakini kombe lilikuwa lao.

Nyegere alimpa Korongo kombe alibebe. Timu yake haikurudi nyuma kamwe, ila mwalimu mwenyewe alianza kutazama nyuma.